SURA YA NNE: Kanisa Lisilo na Majirani

Swali hili huletwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyakazi anayeishi Tabata au Mbezi, ambaye kwa miaka amekuwa akisali Kanisa la Mtakatifu Yosefu, pale Sokoine Drive, Dar es Salaam, kabla ya kuingia kazini. Anafahamiana na wazee wa mlangoni, ana benchi lake analolipenda, na sadaka yake anaitoa pale pale. Siku amepata mtoto na anataka abatizwe, anaambiwa kwa upole: rudi parokiani kwako. Anatoka nje ameduwaa. Kwani hii si parokia yangu?

Wa pili si Mkatoliki. Anashuka mwendokasi kituo cha Kivukoni, au anawahi boti ya Zanzibar, anaona kanisa kubwa lenye mnara mrefu katikati ya ofisi na maghorofa, na anashangaa linaendeshwa na nani na kwa ajili ya nani, maana ikifika usiku wengi wanaobaki mitaa ile ni walinzi.

Wote wawili wanauliza jambo lilelile: kanisa la katikati ya mji ni la nani, ikiwa karibu kila anayeingia humo analala kwingine? Sheria ya Kanisa ina jibu lake, na mtaa una jibu lake. Majibu hayo hayalingani, na kuna watu wanaoangukia katikati.

Parokia yako ni ipi?

Parokia ni jamii ya waamini iliyo chini ya padre anayeitwa paroko, kwa kawaida katika eneo lenye mipaka. Sisitiza hapo kwenye mipaka. Mtu hapati parokia kwa kuvutiwa na kwaya au mahubiri. Anaipata kwa kuishi mahali. Sheria ya Kanisa inayotumika sasa, iliyotangazwa mwaka 1983, ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ukihamia mahali kwa nia ya kukaa angalau miezi 3, au ukijikuta umekwisha kukaa miezi 3, paroko wa pale ni paroko wako. Ukifikisha miaka 5, makao yako yanahesabiwa kuwa ya kudumu hata kama hukuwahi kutamka nia hiyo. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja Buguruni, aliyefika mwezi wa pili na sasa ni mwezi wa sita, ana paroko, ajue asijue.

Mengine mtu anayapata popote, mengine yanamrudisha nyumbani:

- Misa ya Jumapili: kanisa lolote Katoliki, hata ile ya Jumamosi jioni.
- Kitubio, yaani kuungama dhambi: kwa padre yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha. Hakuna anayekuuliza unaishi wapi.
- Ubatizo wa mtoto: kanisa la parokia ya wazazi, isipokuwa kukiwa na sababu ya haki.
- Ndoa: parokia ya mmoja wa wachumba, kwingine ni kwa ruhusa.
- Mazishi: kwa kawaida parokia ya marehemu, ingawa yeye mwenyewe au ndugu zake wanaweza kuchagua kanisa jingine, mkuu wa kanisa hilo akikubali na paroko wa marehemu akajulishwa.

Kwa hiyo yule aliyemrudisha baba wa mtoto hakukosea. Daftari la ubatizo litahitajika tena mtoto huyo atakapofika kipaimara, na atakapotaka kuoa. Ni vyema likae mahali ambapo familia inajulikana. Tatizo liko kwingine, na tutalifikia.

Kanisa lilikuja kwa bahari

Kwa nini basi likajengwa pale? Kwa sababu zamani pale ndipo watu walipokuwa. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika pwani hii mwaka 1888 wakaanzia Pugu. Mwaka uliofuata, katika vita vya Abushiri, misheni yao ilivamiwa na kuharibiwa, na baadhi yao wakauawa. Waliosalia walijipanga upya mjini, karibu na bandari. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, likiutazama mlango wa bandari, maana kila kitu kilipitia huko: mapadre, barua, kengele. Mwaka 1905 askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili akiwa safarini kusini, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi. Enzi za Waingereza Wagoa, wengi wao makarani na wafanyakazi wa serikali, walikuwa sehemu kubwa ya waamini wa mjini, nao waliishi jirani. Mwaka 1953 Dar es Salaam ikawa jimbo kuu. Mwaka 1968 Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, akawa askofu mkuu wake.

Hapo ndipo jina la kanisa kuu linapoingia. Kanisa kuu ni kanisa lenye kiti cha askofu. Mtakatifu Yosefu linabeba kofia mbili: ni kanisa la jimbo zima, na papo hapo ni parokia yenye paroko, hesabu, na bomba linalovuja kama parokia nyingine yoyote. Watu wanaokuja kwa ajili ya kofia ya kwanza mara nyingi hawaioni ya pili.

Kuna jambo la kale zaidi ambalo napenda kulikumbusha kila ninapoulizwa kama huduma za jamii ni nyongeza tu ya kazi ya Kanisa. Wakatoliki walioanza utume wa nyakati hizi kwenye pwani yetu walifika mji wa Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na padre Armand Fava. Pamoja nao walikuwamo masista, tabibu na mafundi. Kazi waliyoanza nayo ilikuwa hospitali na karakana. Kanisa lenye minara miwili, ambalo watalii hulipiga picha leo Mji Mkongwe, lilikuja kujengwa miaka ya 1890. Katika mji ambao karibu wote walikuwa Waislamu, wagonjwa walikuwepo kabla ya waamini, na walihudumiwa bila kuulizwa dini.

Waamini wa kupita

Fika Mtakatifu Yosefu asubuhi ya siku ya kazi, kabla jua halijachomoza vizuri. Upande wa Feri pantoni inashusha watu wa Kigamboni: wauza mboga, wanafunzi, mafundi wenye mifuko ya vifaa. Wengi wanakata kwenda Kariakoo na Posta. Wachache wanaingia kanisani, wengine wakiwa na ndoo, wanaiweka chini ya benchi, wanapiga ishara ya msalaba na kukaa nyuma kabisa ili watoke haraka. Mbele wamekaa watu wa ofisini, vitambulisho vya kazi vikining'inia shingoni. Hawa wote wanasali pamoja siku nyingi kwa mwaka, na si ajabu hawajuani majina.

Ukitaka kujua wanachokuja nacho, tazama nia za Misa. Nia ni ombi ambalo mtu anaandikisha ili padre aliombee katika Misa fulani, na kwa kawaida anaambatanisha sadaka. Katika parokia za mitaani nia nyingi ni za marehemu wa familia zinazojulikana, na jina likisomwa watu wanageuka kutazamana. Mjini nia ni za kila namna: shukrani kwa kupata kazi, mtihani wa bodi, mama amelazwa Muhimbili, kesi iko mahakamani, safari ya kwenda Mwanza. Jina likisomwa, hakuna anayegeuka.

Kundi hili linabadilika na mji, na mji unabadilika kwa mambo ambayo hakuna baraza la parokia lililoyapigia kura. Mwendokasi ulipoanza mwezi wa tano mwaka 2016, mtu wa Kimara akawa na basi la moja kwa moja hadi Kivukoni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kanisani. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na wizara zikaanza kufunga virago. Parokia inayotegemea watumishi wa ofisi lazima ifuatilie habari za namna hii kwa makini kuliko inavyofuatilia idadi ya watoto wanaozaliwa ndani ya mipaka yake.

Nairobi mambo ni hayohayo. Kanisa la Familia Takatifu, lililochorwa na msanifu Dorothy Hughes na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, limekaa karibu na City Hall na jumba la mikutano la KICC. Mwaka 1982 lilipewa hadhi ya basilika, yaani cheo cha heshima kinachotolewa na Papa. Mchana wa siku ya kazi utaona watu wa ofisini wakiingia na kutoka kama walioazima dakika chache kwa mwajiri. Nako huko anayeishi mlango wa pili ni vigumu kumpata.

*Kwa ufupi hadi hapa:* parokia ya katikati ya mji ina makundi mawili. La kwanza ni dogo, limeandikishwa, na linaishi ndani ya mipaka. La pili ni kubwa, halimo kwenye daftari, na ndilo linalojaza mabenchi siku za kazi. Utaratibu wote umetengenezwa kwa ajili ya la kwanza.

Jumuiya ya Jumamosi, na mtu asiye na Jumamosi

Msomaji Mkatoliki wa Tanzania anangoja nifike hapa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni vikundi vya familia jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba kusali, kusoma Maandiko na kusaidiana. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele kabisa katika mipango yao miaka ya 1970, na nadhani huo ni uamuzi bora kuliko mwingine wowote walioufanya tangu uhuru. Ukiugua, jumuiya inajua. Ukifiwa, jumuiya inafika na sufuria kabla ya ndugu wa mbali. Dar es Salaam nyingi hukutana Jumamosi alfajiri.

Kwa kuwa jumuiya inakujua, parokia imezoea kuiuliza. Unataka kubatiza? Leta barua ya jumuiya. Ndoa? Barua. Amefariki mtu? Swali la kwanza: alikuwa anasali jumuiya gani? Wengi wetu tumewahi kusikia onyo lile kwa wasiohudhuria: "Utazikwa na nani?"

Sasa chukua mlinzi wa benki anayetoka lindo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Chukua binti wa kazi ambaye mama mwenye nyumba hampi ruhusa. Chukua mchuuzi wa samaki wa Feri, ambaye alfajiri ndiyo saa yake ya mnada. Hawa hawajaikataa jumuiya, hawana Jumamosi. Na ndio haohao utakaowakuta Misa ya asubuhi mjini, mabenchi ya nyuma. Wamesali wiki nzima, na bado kwenye karatasi hawajulikani popote.

Tuseme wazi sheria inasemaje. Orodha ya wanaonyimwa mazishi ya Kanisa ni fupi: waliojulikana wazi kuikana imani au kujitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Barua ya jumuiya ni njia nzuri ya kumjua mtu. Ikigeuzwa kuwa ndiyo njia pekee, inamwadhibu mtu kwa zamu aliyopangiwa na bosi wake.

Kumsaidia nani, na wapi?

Mwaka 1833, jijini Paris, mwanafunzi Frédéric Ozanam na wenzake walianzisha chama kilichokuja kuitwa cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Walienda wawiliwawili kwenye nyumba za maskini, wakakaa, wakazungumza, wakaacha msaada. Chama hicho kimeenea mpaka kwenye parokia zetu. Kinamama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, umoja ulioanzishwa mwaka 1972, nao wana desturi ya kutembelea wagonjwa na wajane. Njia zote hizi zinaanza na nyumba: unabisha hodi, unakaribishwa, unaona hali.

Katikati ya mji hakuna pa kubisha hodi. Mhitaji ndiye anayebisha kwako. Anasimama mlangoni baada ya Misa na kusema ametoka Singida, ameibiwa stendi, anaomba nauli ya kurudi. Kila mtu wa mjini ameisikia habari hiyo, na kila mtu anajua kwamba mara nyingine ni kweli. Kumpa kila aombaye ni kuwalipa waongo. Kumfukuza kila mmoja ni kumwacha yule mmoja wa kweli alale Kivukoni. Mimi ningependa parokia iwe na mtu mmoja anayelipwa, si wa kujitolea baada ya kazi, ambaye kazi yake ni kukaa na wabisha hodi, kupiga simu parokia walikotoka, na kununua tiketi badala ya kutoa fedha mkononi. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko ya spika mpya.

Watu wa mjini wakipewa nafasi huanzisha makubwa. Dar es Salaam mwaka 1992, wakati UKIMWI ulikuwa ukitajwa kwa kunong'ona, kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi kilianza kukutana na kusaidiana chini ya mwavuli wa Kanisa. Kikundi hicho ndicho mwanzo wa PASADA, shirika la jimbo kuu lenye makao Chang'ombe, ambalo lilikuja kuwatibu na kuwatunza maelfu, pamoja na yatima wao, bila kujali dini. Ilala, Msimbazi Center ina nyumba ya kulea watoto yatima. Nairobi, padre Mholanzi Arnold Grol aliwaendea watoto waliokuwa wakiongoza magari kuegesha katikati ya jiji ili wapate senti, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society. Hakungoja watoto wale waandikishwe parokia yoyote. Wala wasingeweza: watoto wa kulala barazani hawana mtaa.

Utaona kwamba huduma hizi zote zilianza na mtu aliyekuwa tayari mlangoni, kisha ndipo ofisi na vibao vikaja. Nyingine zilihamia nje ya katikati ya mji, na ni sawa, maana kliniki inahitaji kiwanja.

Fedha inaenda wapi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Sadaka ni kile unachotoa Misani. Zaka ni mchango wa kawaida kutoka kwenye kipato chako, unaoandikwa kwa jina lako, na huo kwa kawaida unatolewa parokia unayoishi. Matokeo yake kwa parokia ya mjini ni ya ajabu kidogo: wapitao wanatoa noti kila siku, lakini zaka zao ziko Mbezi. Kanisa linaweza kujaa na bado likakosa mapato ya kutegemewa ya kupangia mwaka.

Sheria inaitaka kila parokia iwe na kamati ya fedha yenye walei ndani yake, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, inayomsaidia paroko kusimamia mali. Hili si hiari ya paroko. Kanisa la mjini limejaa wahasibu, mawakili na watu wa benki wanaosali kimya kimya kwenye benchi la tatu. Inasikitisha kuona kamati ikiundwa na wale wale watano wanaoishi ndani ya mipaka wakati mkaguzi wa hesabu anaondoka baada ya Komunyo bila kuombwa lolote.

Na sanduku la maskini? Mahali pengi liko karibu na mlango, na wapita njia ndio wanaolijaza, kwa sababu ndio wanaopita mlangoni. Wana haki ya kujua limetoka kiasi gani na limemsaidia nani, bila kutaja majina ya waliosaidiwa. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi inatosha. Parokia isiyobandika karatasi hiyo inakosea, hata kama kila shilingi imetumika vizuri.

Ufanye nini wewe unayesali mjini?

Usiache. Misa ya asubuhi si ya daraja la pili kwa sababu umeisali mbali na kwako. Lakini tenga siku moja, hata kama ni kwa kuomba ruhusa kazini, uende ofisi ya parokia unakolala ukajiandikishe kabla hujawa na mtoto wa kubatiza au maiti ya kuzika. Kama zamu zako hazikuruhusu kuhudhuria jumuiya, mwambie mwenyekiti wa jumuiya na katekista, yaani mwalimu wa dini, uso kwa uso. Wengi wataelewa, na jumuiya nyingine zinaweza kukukaribisha kwa siku na saa unayoweza. Kama una ujuzi wa hesabu, sheria au uuguzi, subiri Misa iishe umfuate paroko wa mjini umwambie unapatikana siku gani. Na ukiishi mahali miezi 3, paroko unaye: ukiombwa barua usiyokuwa nayo, sema huna, eleza kwa nini, na usiondoke ofisini mpaka upewe siku ya kuonana naye.